Namna ya Kutambua Aina na Jinsia ya Kuku Wadogo: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Nyumbani

Watu wengi wanaofuga kuku nyumbani huanza na swali la jinsia: huyu ni pora (dume) au ni tembe (jike)? Swali hilo lina uzito wake, kwa sababu pora asiyehitajika hula chakula kilekile anachokula tembe atakayetaga, na majogoo wanapozidi bandani huumizana na kuwachosha mitetea. Hata hivyo, halijibiki vizuri kabla ya kujua kuku huyo ni wa aina gani, kwa kuwa dalili inayomfichua pora wa aina moja huwa ni jambo la kawaida kabisa kwa tembe wa aina nyingine.

Jambo hilo nililijua kwa hasara. Niliwahi kulea pamoja vifaranga wa Leghorn na wa Brahma bila kuwawekea alama, na walipofika wiki ya 10 niliwagawa watatu waliokuwa na upanga (ile nyama ya kichwani) uliosimama na kuanza kupata wekundu, nikiamini kwamba ni mapora. Watatu hao walikuwa matembe wa Leghorn, ambao upanga wao huwa mrefu kwa asili, na miongoni mwa wale niliowabakiza kwa matumaini ya mayai, wawili walikuwa mapora wa Brahma, ambao upanga wao hubaki chini, karibu na fuvu. Dalili niliiona vizuri. Nilichokosea ni kuwalinganisha kuku wasiolinganishika. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na aina, kisha unakuja kwenye jinsia.

Maneno tutakayotumia

Tembe ni kuku jike ambaye hajaanza kutaga, mtetea ni yule anayetaga, na pora ni dume ambaye hajawa jogoo kamili. Upanga, ambao wengine huuita undu au kilemba, ni ile nyama iliyosimama kichwani. Ndevu ni vile vipande viwili vinavyoning'inia chini ya mdomo. Ndewe ni kiraka cha ngozi kilicho chini ya tundu la sikio. Na muundi ni ile sehemu ya mguu yenye magamba inayoishia kwenye vidole.

Hatua ya 1: Weka alama na kumbukumbu

Mvishe kila kifaranga pete ya plastiki yenye rangi yake, au uzi laini, na uikague pete hiyo kila wiki kwa sababu mguu hunenepa haraka na pete iliyobana hukata ngozi. Andika tarehe ya kuanguliwa, kisha mpige picha kila mmoja mara moja kwa wiki, mchana, mahali penye mwanga wa kawaida, maana taa ya joto yenye rangi nyekundu hufanya kila upanga uonekane mwekundu. Piga picha tatu: kichwa kwa ubavu, bawa likiwa limekunjuliwa, na mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani. Picha za wiki nne zikipangwa pamoja huonyesha kitu ambacho jicho la kila siku halikioni, yaani nani anabadilika haraka kuliko ndugu zake.

Ulinganisho wote ufanywe kati ya kuku wa aina moja, walioanguliwa siku moja na kulelewa pamoja. Kifaranga aliyeugua, aliyepatwa na baridi au aliyenyimwa chakula na wenzake huwa na upanga uliopauka na manyoya yaliyochelewa, na ukimsoma kwa kipimo cha wenye afya utapata jibu lisilo sahihi.

Hatua ya 2: Tambua aina, ukianzia miguuni

Kama unawajua wazazi, au hata kama unalijua yai tu, tayari una nusu ya jibu. Yai la bluu huashiria damu ya Araucana, Ameraucana au Legbar wa rangi ya krimu. Yai la kahawia iliyokolea sana, karibu na chokoleti, huashiria Marans, Welsummer au Barnevelder. Na yai jeupe hutoka mara nyingi kwa aina nyepesi za Mediterania kama Leghorn, ambazo ndewe zao pia huwa nyeupe.

Kama hujui lolote kuhusu asili yake, mgeuze kifaranga na utazame miguu yake kabla ya kutazama manyoya. Rangi ya manyoya hubadilika mara kadhaa kabla ya utu uzima, lakini idadi ya vidole haibadiliki kamwe. Kuku wengi wana vidole vinne. Wenye vidole vitano ni wachache, kama Silkie, Dorking, Faverolles, Houdan na Sultan. Kisha tazama kama kuna manyoya kwenye muundi. Brahma, Cochin, Langshan, Faverolles, Silkie na Marans wa Kifaransa huwa nayo tangu siku ya kwanza, yakionekana kama vinyoya laini vinavyoshuka upande wa nje wa mguu hadi kwenye kidole cha mwisho.

Rangi ya miguu nayo husaidia sana kuwatenganisha kuku wanaofanana. Plymouth Rock mwenye mistari ana miguu ya njano, ilhali Marans mwenye mistari ya namna hiyo ana miguu myeupe inayoelekea waridi. Orpington na Sussex wana miguu myeupe. Rhode Island Red, Wyandotte na Leghorn wana miguu ya njano. Kuku wawili weusi wanaochanganywa kila mara, Australorp na Jersey Giant, hutenganishwa kwa kutazama nyayo: za Australorp ni nyeupe zenye uwaridi, na za Jersey Giant ni za njano. Miguu ya kifaranga mdogo inaweza kuwa na rangi isiyokolea, kwa hiyo usiitolee hukumu kabla ya wiki ya 3 au ya 4.

Kutoka miguuni nenda kichwani. Umbo la upanga huonekana mapema kuliko ukubwa wake, na maumbo ya kukumbuka ni manne. Upanga wa kawaida ni bapa moja lililosimama lenye meno kama msumeno, na ndio walio nao Leghorn, Rhode Island Red, Plymouth Rock, Sussex, Orpington, Australorp na New Hampshire. Upanga wa waridi ni mpana, umelala, una vipele juu na mara nyingi una ncha kwa nyuma. Wyandotte, Hamburg na Sebright wanao. Upanga wa njegere ni mfupi na una safu tatu za vinundu, ile ya katikati ikiwa juu kidogo. Ndio wa Brahma na Ameraucana. Upanga wa jozi ni donge lenye mikunjo, kama la Silkie. Huu wa mwisho una habari ya kuvutia: jeni (chembe ya urithi) ya upanga wa waridi ikikutana na ile ya njegere katika kuku mmoja, hutokea upanga wa jozi, kwa hiyo ukiuona kwenye kundi la chotara usidhani lazima kuna Silkie karibu. Wapo pia wenye upanga wa pembe mbili, kama La Flèche, lakini hao ni nadra kukutana nao.

Rangi ya manyoya iwe ya mwisho. Kifaranga mweusi mwenye kifua na tumbo la njano nyeupe kwa kawaida atakuwa mweusi mtupu, na wafugaji wengi wapya hushangaa kuona ule weupe ukitoweka manyoya halisi yanapoota. Kifaranga wa njano hasemi mengi: anaweza kuwa mweupe, wa rangi ya dhahabu, au mweupe mwenye shingo na mkia mweusi kama Sussex wa rangi hafifu (Light Sussex). Kifaranga wa kahawia mwenye mistari mgongoni amebeba rangi ya asili ya kuku wa porini, na huyo anaweza kuwa Leghorn wa kahawia, Welsummer au chotara wa aina yoyote. Kuku wa bluu hawazai watoto wa bluu peke yao: bluu kwa bluu, kama ilivyo kwa Andalusian, hutoa kwa wastani robo weusi, nusu wa bluu na robo weupe wenye madoa, na wote hao ni ndugu halali.

Chotara wasomwe kwa tabia zinazotawala. Kidole cha tano hujitokeza hata kwa mtoto wa mzazi mmoja tu mwenye nacho, lakini manyoya ya Silkie yaliyo kama sufi hufichika mtoto anapozaliwa na mzazi mwenye manyoya ya kawaida. Kwa hiyo kifaranga mwenye vidole vitano, ngozi nyeusi na kishungi kidogo kichwani, ila ana manyoya ya kawaida, ana kila dalili ya kuwa na mzazi mmoja wa Silkie. Shingo isiyo na manyoya nayo hutawala, ndiyo maana kuku wa kishingo huacha alama yao kwa vizazi. Chotara wa kibiashara wenye rangi nyingi, kama Kuroiler aliyezalishwa India, wasitambuliwe kwa rangi kabisa. Pale ambapo ushahidi haukamiliki, ni heri kuandika "chotara mwenye damu ya Brahma" kuliko kumpa kuku jina la aina asiyokuwa nayo.

Hatua ya 3: Siku 3 za kwanza

Ili kujua ni njia zipi za siku za kwanza zinafaa, ni lazima kujua jinsia ya kuku inavyopatikana. Jogoo ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) mbili za Z, na mtetea ana Z moja na W moja. Mtetea humpa binti yake W, na ile Z ya binti hutoka kwa baba peke yake. Kwa hiyo jeni yoyote inayotawala iliyo kwenye Z, na ambayo mama anayo na baba hana, itaonekana kwa watoto wa kiume tu. Siri yote ya vifaranga wanaotambulika kwa rangi ni hiyo.

Jogoo mwenye jeni ya dhahabu, kama Rhode Island Red, akipandana na mtetea mwenye jeni ya fedha, kama Light Sussex, mabinti huzaliwa wenye wekundu au kahawia na wanaume huzaliwa wa njano nyeupe. Kuku wa mayai wa kibiashara ISA Brown na Lohmann Brown hutengenezwa kwa msingi huo. Jogoo asiye na mistari akipandana na mtetea wa Plymouth Rock mwenye mistari, vifaranga wote huwa weusi, lakini wanaume huwa na doa jeupe kisogoni. Mpango huu haugeuziki: ukimweka jogoo wa fedha kwa mtetea wa dhahabu, watoto wote watafanana. Vilevile hauendelei katika kizazi cha pili, kwa hiyo vifaranga wa ISA Brown wako mwenyewe hawatambuliki kwa rangi ya kuzaliwa. Tena, si kila mtetea mweupe ana jeni ya fedha inayofanya kazi hiyo. Weupe wa Leghorn mweupe hutokana na jeni nyingine inayofunika rangi zote.

Zipo aina halisi ambazo jinsia yake huonekana kwa rangi kizazi hadi kizazi. Reginald Punnett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alishiriki kuanzisha Cambar mwishoni mwa miaka ya 1920, na baadaye akaja Legbar. Katika aina hizo pora huwa na rangi iliyofifia, na tembe huwa na mistari ya mgongoni iliyokolea na yenye mipaka safi. Welsummer ana dalili ya jinsi hiyo ingawa si thabiti kiasi hicho: tembe ana mstari wa jicho ulionyooka kama uliochorwa kwa kalamu, na wa pora umefifia pembeni. Plymouth Rock halisi mwenye mistari husomwa kwa doa la kichwa, ambalo kwa tembe ni dogo na lililokusanyika, na kwa pora ni kubwa lililotawanyika. Lakini wapo wanaoangukia katikati, na hao wasubiriwe.

Njia ya bawa nayo inategemea wazazi, maana jeni ya kuchelewa kuota manyoya iko kwenye Z. Mshike kifaranga wa siku moja kiganjani, ulikunjue bawa lake taratibu dhidi ya mwanga, na utaona safu mbili za vijiti vya manyoya: ya chini ni ya manyoya makuu, na ya juu ni ya yale yanayoyafunika. Ikiwa mama alikuwa na jeni ya kuchelewa na baba hakuwa nayo, mabinti watakuwa na safu ya chini iliyoizidi ya juu kwa wazi, na wanaume watakuwa na safu zinazolingana au zile za juu zikiwa ndefu zaidi. Katika vifaranga ambao wazazi wao hawakupangwa hivyo, urefu wa manyoya ya bawa hauelezi jinsia hata kidogo. Baada ya siku ya 3 tofauti hupotea hata kwa waliopangwa.

Njia ya kukagua tundu la haja iliendelezwa na Wajapani katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 wataalamu wao waliajiriwa na watotoleshaji wa Amerika ya Kaskazini. Huhitaji mafunzo marefu, kwa sababu kinachotafutwa ni kinundu kidogo sana chenye maumbo mengi yanayokaribiana, na mkono usiozoea huweza kumjeruhi kifaranga ndani. Namsihi mfugaji wa nyumbani asiijaribu. Mwenye haja ya jibu la mapema anaweza kupeleka unyoya au tone la damu kwenye maabara inayopima vinasaba vya ndege. Mambo ya kutazama ncha ya yai, kuning'iniza pete juu ya yai au kumshika kifaranga kichwa chini yaachwe kabisa.

Hatua ya 4: Wiki ya 3 hadi ya 8

Katika aina nzito kama Orpington, Brahma na Plymouth Rock, tazama mkia na mgongo kati ya wiki ya 3 na ya 5. Tembe huota mkia mapema na mabega yake hufunikwa sawasawa; pora hubaki na kisiki cha mkia na uwazi mgongoni, akionekana kama aliyevaa nguo isiyomtosha. Miguu ya pora pia huwa minene zaidi, na hili huhisika kwa vidole kabla ya kuonekana kwa macho. Katika Leghorn na aina nyepesi nyingine, achana na mkia na utazame upanga, kwa kuwa pora wao huanza kupata upanga mkubwa wenye rangi ya waridi ndani ya wiki chache tu, na tembe wa umri uleule akiwa bado na ukingo mdogo wa njano. Kwa upanga wa njegere, hesabu safu: pora wa wiki ya 4 hadi ya 6 huwa na safu tatu pana zenye wekundu, na tembe huwa na mstari mmoja mwembamba wa njano.

Rangi ya kifua huwa na maana katika aina zenye rangi ya asili. Tembe wa Leghorn wa kahawia au wa Welsummer huota kifua cha rangi ya chungwa iliyofifia, na pora huota manyoya meusi kifuani. Pora wa Faverolles huanza kupata weusi kwenye mabawa na kifua akiwa bado mdogo, huku dada yake akibaki na rangi ya krimu. Kwa chotara, manyoya mekundu yanayojitokeza begani kwa viraka, wakati mwili mwingine una rangi nyingine, karibu kila mara ni ya dume.

Tabia niipitie kwa haraka, kwa sababu huwapotosha wengi. Matembe hupimana kifua na kurukiana kama mapora, na kifaranga shupavu anayekimbilia mkono wako anaweza kuwa wa jinsia yoyote.

Hatua ya 5: Wiki ya 10 hadi ya 14, unyoya wa mgongoni

Kama ningeruhusiwa kutumia dalili moja tu, ningeichagua hii. Mkamate kuku jioni akiwa ametulia, umweke mapajani kichwa kikielekea nyuma yako, kisha uyapapase manyoya yaliyo mbele kidogo ya mkia, pale mgongo unapoanza kushuka pembeni. Yatenganishe kwa vidole na utafute manyoya mapya yanayotoka kwenye ala zake. Unyoya wa tembe una ncha ya mviringo, kama ukucha wa kidole gumba, na rangi yake inafanana na ya mwili. Unyoya wa pora ni mwembamba, mrefu, una ncha kali na mng'ao, na mwanzoni unaweza kuwa mmoja tu, umelala kati ya manyoya ya utotoni kama sindano iliyosahauliwa kwenye kitambaa. Ukishauona huo mmoja, mengine yatafuata ndani ya wiki mbili, na manyoya ya shingo yatachongoka vivyo hivyo. Mkia wa pora nao huanza kuotesha manyoya yaliyopinda kama mundu.

Wasiofuata kanuni hii ni Sebright, ambao jogoo wao huvaa manyoya ya mviringo kama mitetea maisha yake yote, na Silkie, ambao manyoya yao hayana ncha ya kusomwa. Kwa Sebright tegemea upanga na ndevu. Kwa Silkie subiri hadi mwezi wa 4 au hata wa 6, ukitazama kishungi: cha tembe huwa mpira wa mviringo, na cha dume hutoa nyuzi zinazolala nyuma.

Hatua ya 6: Waliobaki na mashaka

Kuwika huanza wakati wowote kati ya wiki ya 8 na ya 20, na pora anayeishi chini ya jogoo mkubwa anaweza kunyamaza muda mrefu, kwa hiyo ukimya wake usiwe ushahidi. Kuwika kwenyewe ni ushahidi wa nguvu kwa kuku mdogo, ila kwa mtetea mkubwa kuna habari nyingine: kwa kawaida ovari ya kushoto pekee ndiyo hufanya kazi, na ikiharibika kwa ugonjwa, mtetea anaweza kuota manyoya ya kiume na kuwika. Kipi, yaani ule mwiba wa nyuma ya mguu, kisitumike kuamua, kwa sababu mitetea wengi huota mwiba huo.

Kwa kuku aliyefika wiki ya 18 bila kueleweka, pima nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga, chini ya tundu la haja. Kwa tembe anayekaribia kutaga mifupa hiyo hulegea na kuachana hadi vidole viwili au vitatu viingie, upanga na ndevu hujaa damu ghafla, na ukimwekea mkono mgongoni hujishusha na kutandaza mabawa kidogo. Tembe wa aina nyepesi hufika hapo karibu na wiki ya 18 hadi ya 20, na wa aina nzito kama Brahma huweza kuchelewa hadi mwezi wa 7. Asiyeonyesha lolote kati ya hayo, na ambaye mifupa yake bado imebana kiasi cha kidole kimoja, aachwe na pete yake mguuni na apimwe tena baada ya wiki mbili.